Mafuta Yangu Hayaibiwi Tena

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekomesha wizi. Naandika nimetulia, chai pembeni, mikono bado inanuka dizeli.

Tatizo lilikuwa hili: pikapu inakunywa kuliko inavyotembea. Geji ya mafuta ilikufa zamani, mshale umelala chini kama mgonjwa, kwa hiyo napima kwa kijiti nilichokata kwenye mpini wa fagio. Kila nikipima, kijiti kinalowa kidogo kuliko jana yake. Mke wangu anasema gari likitembea mafuta hupungua. Nikamjibu hayo ni mawazo ya abiria. Kuna mkono wa mtu hapa. Na mkono huo naujua, unashika dumu la njano. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfuga kuku, huja kila asubuhi kuchota maji kwenye bomba letu. Eti maji ya kuku. Kuku gani wanakunywa hivyo!

Nikakichunguza kifuniko cha tangi. Nikapigwa na butwaa. Katikati kina kitundu, chembamba kama cha sindano! Miaka yote hii gari linatembea na tundu kwenye kifuniko na hakuna aliyefungua mdomo. Kasoro ya kiwandani, na watu wamenyamaza.

Nimekata tyubu ya baiskeli. Nimekifunika kifuniko kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara kadhaa, nikazungushia tyubu, nikaivuta kwa meno, nikapiga fundo. Hata hewa haipiti. Nilimwomba mke wangu ajaribu kupuliza aone. Alikuwa na kazi.

Ulinzi huu umekuja kwa wakati wake. Mama mkwe anahamia kwetu Jumamosi. Pikapu ni yake, aliachiwa na marehemu mumewe, mimi nimeishika tu. Shemeji anaitaka abebee chakula cha kuku. Sasa mama ametuma neno kwamba pikapu hiyo hiyo ndiyo itakayobeba vyombo vyake, na akishafika ataamua ibaki kwa nani. Ikienda kwa shemeji, mimi narudi kwenye mkokoteni. Nilisukuma mkokoteni miaka mingi. Akili imeshausahau, mgongo bado.

Jumanne, 4 Juni

Gari limezima.

Nilikuwa na kitanda cha seremala, mteja wangu mkuu, napeleka kwa mwenyewe. Tumefika kwenye mteremko wa zahanati, tunaupanda, gari likakohoa, likapungua nguvu taratibu kama mtu aliyekumbuka jambo, likanyamaza. Nikafungua boneti. Nikaitazama injini. Injini ikanitazama.

Wataalamu wa barabarani hawakukawia. Mmoja akasema nozeli ya kupulizia dizeli imeziba. Mwingine akasema maji yameingia kwenye dizeli, na shangazi yake aliwahi kuwa na lori. Mama muuza vitunguu akasema yeye hajui magari, ila nisogeze boneti yangu, inawaziba wateja. Nikagusa betri. Nikapiga teke gurudumu. Nikalikaripia gari kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na watoto.

Mwisho nikaingiwa na wasiwasi kwamba mwizi amenitangulia. Nikafungua tyubu yangu, nikazungusha kifuniko. Fyuuu! Kama mtu aliyezama akitoa kichwa nje ya maji. Nikachovya kijiti. Kimelowa vizuri, hakijapungua kitu. Ulinzi unafanya kazi! Nikafunga upya, nikakaza, nikaingia, nikawasha. Likawaka palepale.

Nimejifunza kwamba ukilikaripia, fanya kwa sauti ya chini.

Nyumbani nimekuta jambo jingine. Mwezi uliopita nilianza kuandika MWENDO KASI kwenye mlango wa nyuma wa gari, rangi ikaniishia nikiwa kwenye MWENDO KA. Leo mtu amemalizia kwa chaki: MA KONOKONO. Mwandiko ni wa shemeji. Hata herufi zake zinatembea kama kuku.

Jumatano, 5 Juni

Limezima asubuhi. Nikakaripia, nikafungua, fyuuu, nikapima, nikafunga, likawaka. Limezima tena karibu na soko. Nikakaripia, fyuuu, kijiti, likawaka. Mafuta yapo muda wote. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye injini yenyewe.

Nimeenda kwa fundi. Kabla ya kuingia gereji nikasimama nyuma ya ukuta, nikavua mfuko na tyubu, nikavificha chini ya kiti. Fundi wetu ni hodari lakini ni mwigaji. Niliwahi kufunga bomba langu la moshi kwa waya wa nguo, hazikupita siku nyingi nikaona kila bomba la moshi mjini limefungwa kwa waya wa nguo. Huu uvumbuzi wa sasa sikuwa tayari kuutoa bure.

Fundi akaliwasha. Likawaka. Akalizungusha mjini, sokoni, zahanati, akapanda na mteremko wenyewe mara mbili. Injini inaunguruma kama paka aliyelala juani. Akarudi akanitazama vile daktari anavyomtazama mtu anayetaka tu karatasi ya kupumzika kazini. Akaniuliza gari lilizima lini. Nikasema leo hii. Akauliza linawakaje tena. Nikasema huwa nalikaripia. Akauliza kama kuna kitu nimeongeza au nimepunguza kwenye gari. Nikasema hapana, huku nikiangalia pembeni. Akauliza kama kifuniko cha tangi ni kile kile cha zamani. Nikasema ni kile kile, na hilo si uongo. Alikiangalia, akapitisha kidole juu ya kitundu, akasema kiko sawa, kinapumua. Kumbe hata mafundi hawaoni kasoro ile!

Akabadilisha chujio la dizeli, akapuliza mabomba, akasema sasa nisimsumbue mpaka gari lizime kweli.

Nyuma ya ukuta nikarudisha mfuko na tyubu. Nikaenda kwa furaha. Lilizima kabla sijafika zahanati.

Alhamisi, 6 Juni

Nililala nikifikiri. Kwa fundi halizimi. Kwangu linazima. Sababu ni moja tu. Linamwogopa fundi. Gari nalo linajua nani anaweza kulifungua tumbo.

Asubuhi nikaazima ovaroli ya bluu kwa jirani anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa na unga mfukoni, nikaona haidhuru. Nikatundika spana kwenye kioo cha ndani, ili injini ijue kinachoisubiri. Mke wangu akauliza tunaigiza nini leo. Nikakaza kamba ya spana. Mtu anayefikiri hachekwi, anasubiriwa.

Seremala alikuwa na kabati la nguo, lenye kioo, la mteja mwenye haraka. Akaniuliza sijui mara ngapi kama gari liko salama. Nikamwonyesha ovaroli.

Limezima kwenye mteremko wa zahanati. Mahali pale pale, mbele ya mama muuza vitunguu, ambaye safari hii alinisalimia kwa ukarimu na kunisogezea kigoda. Kabla sijamaliza kukaripia, seremala akafika kwa miguu, anahema. Alipunga mkono tu, na ukaja mkokoteni. Anayeusukuma ni mwenzangu wa zamani, nilisukuma naye miaka ile. Wakalishusha kabati kwenye pikapu yangu wakalipandisha kwenye mkokoteni. Nilijiona kwenye kile kioo, na ovaroli, na unga.

Mwenzangu akaniambia kwa upole kwamba upande wa kushoto wa mkokoteni bado ni wangu, hajamweka mtu. Alisema kwa nia njema. Ndiyo maana iliniuma.

Seremala akasema nirudi kwake nikishapata gari. Nikamwambia gari ninalo. Akasema hilo nililonalo ni banda lenye magurudumu.

Wakapotea kwenye kona. Nikafungua, fyuuu, nikapima, likawaka. Nikarudi tupu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata. Sijui kwa nini sikuwaza hili mapema.

Nimekuwa nahangaika gari lisizime. Kosa! Gari litazima, hilo limeshajulikana. Cha muhimu ni lizime mikononi mwa nani.

Kesho nitaumwa mkono. Nitafunga bandeji, nitaomba shemeji aendeshe. Mama mkwe atakaa mbele kando yake. Mteremko wa zahanati, kohoho, kimya. Shemeji atababaika, atafungua boneti, atatoka jasho. Hapo mimi, mgonjwa wa watu, nitashuka taratibu kutoka nyuma kwenye vyombo, nitalikaripia gari kwa mkono mmoja, nitapima mafuta, nitaliwasha. Mama ataona kwa macho yake. Atasema pikapu ibaki kwa anayeijua.

Nikajaribu bandeji mbele ya kioo. Imenikaa. Mke wangu akaingia akauliza kunauma wapi. Nikasema kifundo cha mkono. Akaubonyeza kidogo, nikapiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Mke wangu akasema huo alioubonyeza ndio mzima, bandeji iko upande wa pili.

Nikamwambia maumivu yanahama. Akasema basi na yeye anahama, anakwenda kulala.

Jumamosi, 8 Juni

Sina nguvu ya kuandika lakini lazima iandikwe.

Tulifika kwa mama mkwe jua bado changa. Nilikwenda polepole, njiani likazima mara moja, nikalimaliza mwenyewe kabla shemeji hajafika kwa pikipiki ya kukodi. Mpaka hapo mambo yalikuwa mikononi mwangu. Mkono mmoja, yaani.

Mama alikuwa ameshatoa kila kitu uani: kitanda, cherehani, sufuria ndani ya sufuria, viti, picha ya marehemu iliyofungwa kwenye shuka, na mtungi wa asali ambao hamwachii mtu yeyote. Nikamsalimia, akanipokea vizuri, akaiona bandeji, akasema pole mwanangu. Nikasema nimeshapoa, mama, ni kidogo tu, ila usukani sitaweza. Shemeji alishika ufunguo kabla sijamaliza sentensi.

Kwa sababu ya mkono, sikuweza kupakia. Nilisimama kando nikiguna kila kitu kizito kilipopita. Mama alikuwa anazunguka akitafuta kamba ya kufungia mtungi usimwagike. Mke wangu hana, shemeji hana. Akapotea nyuma ya gari. Aliporudi mtungi umefungwa safi, mfuko wa nailoni juu ya mdomo, mpira mweusi umezungushwa, fundo limekaza. Nikamsifu. Nikamwambia mimi mwenyewe hufunga hivyo hivyo, ni watu wachache wenye mkono huo. Akaanza kunieleza alivipata wapi, lakini shemeji akapiga honi, safari.

Mama mbele. Mke wangu katikati. Mimi nyuma na vyombo, nimelikumbatia cherehani kwa mkono mzima, sikio kwenye injini. Nikaanza kusubiri kikohozi.

Tulipita shule. Tulipita ukuta wa gereji. Hakuna kitu. Tukafika mteremko wa zahanati, nikajiandaa, nikakunja miguu tayari kwa kushuka. Gari likapanda! Likapanda na kitanda, na cherehani, na mama, na mimi! Mama muuza vitunguu aliinua kigoda changu kunionyesha, tukampita kwa kasi ambayo sijawahi kuipata. Kwa mara ya kwanza ile MWENDO KA ilikuwa inaelekea kuwa kweli, na usukani ameushika nani!

Tumefika bila kuzima hata mara moja. Mama akashuka, akaligonga gari ubavuni kama mtu anavyomgonga ng'ombe aliyemfurahisha. Akasema tangu marehemu afariki hajalisikia likiunguruma hivi. Akasema kumbe gari halikuwa gonjwa, lilikosa dereva. Libaki kwa mwanawe. Kisha akanigeukia, akaniambia nipumzishe mkono, mkokoteni nisiuguse mpaka nipone vizuri. Sijawahi kunyang'anywa kitu kwa maneno matamu kiasi kile.

Shemeji hakucheka. Alifanya vibaya zaidi. Aliniambia, "Pole, shemeji, ndiyo dunia," akanishika bega.

Nikaomba dakika moja niagane na gari. Mke wangu akawaambia wengine waniache, akidhani nalia. Nilikuwa napima mafuta. Na hapo nikakuta nini? Kifuniko kitupu! Mfuko hakuna, tyubu hakuna! Yule mtu kaiba ulinzi wenyewe! Atakuwa alivua kule kwa mama, wakati nikiguna. Na dizeli iliyomo ni yangu, nimeijaza mimi.

Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Sitaki isemwe nilikabidhi gari lenye tundu kwenye kifuniko. Nikaleta mifuko miwili na tyubu mbili, nikaziba kuliko mara zote. Zawadi ya kuagana. Tumekubaliana na shemeji kwamba jioni ya kesho nitapima nichukue kinachobaki.

Jumapili, 9 Juni

Mungu ni mkubwa, na leo alikuwa upande wetu.

Shemeji aliondoka alfajiri kufuata chakula cha kuku, akapakia na matenga ya kuku wa kuuza. Mimi nilikaa barazani nautazama mgongo wangu kwa mawazo. Mchana ukapita. Alasiri tukasikia lori la mchanga linaingia mtaani polepole, na nyuma yake kamba, na kwenye kamba pikapu, na ndani ya pikapu shemeji.

Limezima mara tatu akaliwasha kwa kulisubiri lipoe, la nne likakataa kabisa. Alifungua boneti, akapuliza, akasukuma, akasukumwa. Tenga moja likafunguka. Alikimbiza kuku barabarani mbele ya watu, na nywele zake zilikuwa na manyoya hata alipokuwa anatueleza. Sikucheka. Nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka huko, nikarudi.

Akamwambia mama yake gari hili hataki tena kuliona. Akasema bora anunue punda, punda akisimama angalau anakuambia kwa macho. Kisha akanigeukia akasema hata tangi amelikuta limefungwa kama maiti, na hakuwa na muda wa kufungua vifundo vya kichaa. Nikamwambia hivyo ndivyo mafuta yanavyolindwa.

Nikaomba ruhusa ya kitu kimoja tu, nipime dizeli yangu kama tulivyokubaliana. Nikafungua tyubu ya kwanza, ya pili, mfuko, mfuko. Fyuuuuu! Ndefu, haijawahi kuwa ndefu vile. Tangi likapiga hata mlio wa bati. Nikachovya kijiti. Nikalikaripia kidogo kwa mazoea. Nikaingia, nikazungusha ufunguo.

Likawaka papo hapo!

Dereva wa lori alivua kofia. Shemeji alikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Mama mkwe alikuwa ametoka mlangoni, kipande cha mkate na asali mkononi, hakukitafuna. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia kweli tupu, kwamba sijafanya kitu, nimeligusa tu. Akasema kumbe lilikuwa na mwenyewe. Libaki kwa mkwe wangu, na neno hilo lisirudiwe.

Mke wangu akaniuliza mkono vipi. Nimeshasahau ulikuwa upi.

Sasa, kuna sharti. Kesho nimpeleke mama hospitali ya macho, ile ya mbali, unapita tambarare yote ambako hakuna nyumba wala kivuli. Amesema likimzimikia huko njiani, atampigia simu muuza vyuma chakavu alifuate huko huko, na sisi turudi tunavyojua. Shemeji ameomba kuja. Amesema hataki kukosa.

Na aje. Wiki hii imenifundisha mengi. Injini inamjua mwenyewe. Ikaripie kwa upole. Na mifuko na tyubu si ulinzi, kwa sababu mkono wowote wenye nia mbaya unaweza kuvivua. Ushahidi ni wa jana.

Kwa hiyo jioni hii nimejaza tangi mpaka mdomoni, kisha nikaenda kwa seremala. Alipolisikia gari linakuja lenyewe, alifungua mlango. Nimemwomba ile gundi yake ya kuungia miguu ya meza. Akauliza ya kazi gani, nikasema siri ya kiufundi. Akanionya nisikosee, maana ikishakauka hata nyundo haifungui. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka.

Nimejaza kitundu kwanza. Nimekaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nimepaka gundi pembeni kote, raundi mbili, nimelainisha kwa kidole. Nimerudi kukitazama sasa hivi kwa tochi. Kimekauka, kinang'aa kama jino.

Mafuta yangu hayaibiwi tena. Kijiti nimekivunja nikakitia jikoni. Sitakihitaji.